Kabla ya kulipia intaneti kubwa zaidi hospitalini

Picha za CT-scan zikichelewa kumfikia daktari bingwa wa radiolojia aliyeko mjini, wakubwa hukimbilia kulipia intaneti kubwa zaidi. Pigeni hesabu kwanza.

Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, na kila nukta hula baiti mbili. Hiyo ni karibu nusu MB, kwa hiyo uchunguzi wa vipande 500 ni MB 250. Sasa fungueni mkataba wa intaneti. Kasi inayotajwa humo ni ya megabiti, na biti nane ndizo baiti moja. Tena mara nyingi ni kasi ya kupakua, ilhali kazi yenu ni kupakia. Pimeni ya kupakia, na mpime saa nne asubuhi, mapokezi, maabara na watu wa bima wakiwa wote mtandaoni. Mkikuta megabiti 2 kwa sekunde, MB 250 zitachukua dakika 17 hivi, kama hakuna mwingine anayetumia laini. Na siku zote yupo.

Majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa hawezi kungoja hivyo, wala hakuna haja. Mwambieni mtaalamu wa mionzi aandae seti mbili. Ile ya vipande vya milimita 5 itangulie: kichwa kizima ni vipande kama 30, MB 15, dakika moja tu. Daktari ataanza kutafuta damu iliyovujia ndani ya fuvu huku vipande vyembamba vikifuata. Picha zisizo na haraka ziondoke usiku.

Kupiga picha ya kioo kwa simu na kuirusha WhatsApp kumezoeleka, lakini mbinu hiyo hufuta tofauti ndogo za kijivu ambazo daktari anazihitaji, na jina la mgonjwa huenda pamoja na picha. Tumieni mgandamizo usiopoteza taarifa, kama JPEG 2000 ya aina ya "lossless". Mara nyingi faili hupungua hadi nusu.

Ndani ya jengo, mashine ya CT iunganishwe kwa kebo, si Wi-Fi. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha MB 250 kwa sekunde 20, ya gigabiti kwa sekunde 2. Kwenye ruta, fundi wa TEHAMA azipe picha za dharura kipaumbele, lakini awabakizie mapokezi sehemu yao ya laini, la sivyo foleni ya dirishani itasimama kila CT inapotumwa.