Diskasi: Piga hesabu ya maji kabla ya kununua samaki

Katika biashara ya samaki wa mapambo, diskasi ni miongoni mwa samaki wasio wa baharini wanaouzwa kwa bei ya juu. Hata hivyo, mnunuzi anayeangalia bei ya samaki peke yake huishia kupata hasara. Gharama kubwa ya diskasi haimo katika mfuko wa plastiki anaotoka nao dukani. Imo katika maji ya kupashwa moto, kusafishwa na kubadilishwa kila wiki. Somo la wiki hii linahusu hesabu hiyo.

ASILI YAKE

Diskasi hutoka katika bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, ila umbo lake ni bapa na la mviringo kama sahani. Johann Jakob Heckel wa Austria alimweleza kisayansi mwaka 1840. Maji ya kwao ni ya vuguvugu, laini na yenye asidi.

Wengi walioko sokoni hawakuvuliwa mtoni bali wamezalishwa katika matangi, hasa katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki kama Thailand na Malaysia. Hao huvumilia maji ya pH 6 hadi 7.5. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, ingawa ni wa ukoo huo huo, huishi katika maji magumu yenye pH karibu 9. Wawili hao wasiwekwe tangi moja.

HESABU YA TANGI

Diskasi huishi kwa kundi. Wakiwa wawili au watatu, mwenye nguvu humwonea mnyonge hadi akaacha kula. Yafaa kuanza na 6. Kila mmoja akikua hufikia sentimita 15 au zaidi, na hukadiriwa lita 40 za maji. Hesabu ni hii:

Maji: samaki 6 mara lita 40 ni lita 240. Uzito wake ni kilo 240 kabla ya kuhesabu kioo na mchanga, hivyo meza ya kawaida haifai.

Joto: nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, usiku na mchana. Tangi hilo huhitaji hita ya wati 300. Ikiwaka nusu ya siku, hutumia yuniti 3.6 kwa siku, yaani yuniti 108 kwa siku 30. Katika miji ya baridi kama Nairobi na Arusha hita hufanya kazi zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Kubadilisha maji: theluthi moja, mara 2 kwa wiki. Hizo ni lita 160, sawa na ndoo 8 za lita 20 kila wiki.

Msomaji azidishe tarakimu hizo kwa bei ya umeme na maji ya mahali alipo. Kiasi atakachopata ndicho kodi ya samaki hao kila mwezi, wawe wamenunuliwa ghali au kwa bei ya kutupa.

MAJI YAANDALIWE KWANZA

Kosa linaloua samaki wengi ni kununua tangi na samaki siku moja. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea. Samaki waingie pale tu vipimo vinapoonyesha amonia na nitriti ni sifuri. Nitreti hupunguzwa kwa kubadilisha maji.

Maji ya bomba yaondolewe klorini kwa dawa inayouzwa kwa kazi hiyo, na yalingane joto na ya tangini. Umeme unapokatika, tangi lifunikwe kwa blanketi kuhifadhi joto, na samaki wasilishwe mpaka chujio lifanye kazi tena.

KUCHAGUA SAMAKI

Mnunuzi aombe muuzaji awalishe samaki mbele yake. Mzima hukimbilia chakula. Anayejificha pembeni, aliyegeuka mweusi au anayetoa kinyesi cheupe kama uzi aachwe. Jicho kubwa kupita kiasi kwenye mwili mdogo ni dalili ya samaki aliyedumaa. Huyo hatakua hata akilishwa vizuri.

Aidha, vifaranga vyenye rangi kali vitiliwe shaka. Wako wafugaji wanaowapa homoni ili wang'ae mapema, na rangi hiyo hufifia baadaye. Samaki wapya wakae katika tangi la peke yao wiki 4 hadi 6 kabla ya kuchanganywa na wa zamani.

CHAKULA NA UZAZI

Wafugaji wengi hutumia moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta na kusagwa. Hukuza haraka, lakini mabaki yake huchafua maji upesi na yafaa kuondolewa mara samaki wakimaliza kula.

Wanaotaka kuzalisha wajue kuwa watoto wa diskasi hula ute unaotoka kwenye ngozi za wazazi wao katika siku za mwanzo. Wazazi wakisumbuliwa huweza kula mayai yao, na mwenye tangi akabaki bila kitu.

MUHTASARI

Tangi kwanza, bakteria pili, samaki mwisho. Mwenye uwezo wa ndoo 8 kwa wiki na yuniti za umeme bila kukosa anaweza kufuga diskasi. Asiye na uwezo huo aanze na gapi, samaki wadogo wenye kuvumilia, na fedha zake zitakuwa salama.