Dimbwi Linalopigwa na Jua

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa mpunga huku Ifakara. Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro wa maji machafu uliojaa viluwiluwi. Nimemwaga oili chafu, nimeufukia nusu, lakini mwanangu wa mwisho ameugua malaria mara mbili msimu huu. Hawa mbu wanatoka wapi?

JIBU: Pole sana kwa kuuguliwa.

Viluwiluwi wa mtaroni kwako, kwa jinsi ulivyoueleza, wengi wao ni wa kuleksi, mbu anayependa maji yanayonuka. Huyo hunyima watu usingizi, na anaweza kueneza matende na mabusha, lakini malaria si yake. Malaria huletwa na anofelesi jike, na yeye huchagua pa kutagia.

Chukua bakuli jeupe uchote maji taratibu, kisha inama utazame. Kiluwiluwi wa kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia juu, maana hupumua kwa mrija ulio mkiani. Wa anofelesi hana mrija huo. Hujilaza bapa juu ya maji, kama kipande cha bua kavu. Kivuli chako kikimpitia atazama ghafla, kwa hiyo tulia mpaka apande tena.

Sasa nenda na bakuli hilo kwenye mashimo yaliyofyatuliwa tofali, kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye makorongo ya matairi ya trekta. Maji hayo ni madogo na yanapigwa na jua, nawe unaona hayana neno. Kumbe jua huyapasha moto na kuotesha mwani, chakula cha viluwiluwi, na kwa kuwa ni ya juzi tu, samaki na wadudu wanaowala hawajafika. Katika maji ya vuguvugu, yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Maji yakipoa huchukua wiki mbili na zaidi, na yakishuka chini ya nyuzi 16 ukuaji hukwama. Joto nalo likizidi sana huwaua.

Shibe nayo ina uzito wake. Viluwiluwi wakibanana na chakula kikapungua, hukawia kukua, na mbu wanaotoka huwa wadogo wasioishi sana. Vimelea vya malaria huhitaji siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo mbu wa kuogopa ni yule aliyekula vizuri majini akapata umri.

Tuje kwenye majaruba yako. Wiki za kwanza baada ya kupandikiza, mpunga ukiwa mfupi, jua hufika majini na anofelesi hustawi. Mpunga ukifunga, kivuli huwapunguza. Lakini bondeni kwenu yupo anofelesi mwingine aitwaye funestus, ambaye hutaka maji ya kudumu yenye majani kando: mabwawa, vijito vinavyokwenda polepole. Huyu anaambukiza sana hata kama si mwingi kuliko wengine, na maji yake hubaki hadi kiangazi. Mvua zikikatika, msivue vyandarua.

Acha oili chafu, inaharibu maji na udongo. Fukia mashimo ya tofali usiyoyahitaji, na unayoyatumia yakaushe kila baada ya siku tano, kabla kizazi hakijaruka. Majaruba hayakaushwi na mtu mmoja. Kaeni wote mnaotumia mfereji huo mpange siku za kuyaacha yakauke kidogo kati ya maji na maji, mpunga usipate shida. Kwa bwawa lisilofukika, muulize bwana afya kuhusu viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi tu.

Mtoto alale kwenye chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa tena, apimwe ndani ya saa 24, na kama ni malaria amalize dozi yote hata akianza kucheza siku ya pili. Vidonge vilivyobaki mara iliyopita, kama vipo kabatini, usimpe.