Chapati ya Kijapani kwa Unga wa Mchele

Okonomiyaki ni chapati nene ya chumvi, yenye kabichi na mayai, ambayo ilienea sana nchini Japani baada ya vita kwisha mwaka 1945. Mchele ulikuwa adimu, na unga wa ngano ukaletwa kutoka Marekani. Gonja, wilayani Same, mambo ni kinyume. Mpunga hulimwa jirani, katika mradi wa umwagiliaji wa Ndungu uliojengwa kwa msaada wa Japani hiyohiyo; ngano ndiyo hununuliwa dukani. Je, mchele waweza kushika nafasi ya ngano?

Ugumu uko katika gluteni, protini ya ngano ambayo hunata ikikorogwa na maji. Mchele hauna gluteni, hivyo chapati yake hupasuka upesi inapogeuzwa. Kazi ya kushikamanisha huachiwa yai, ambalo huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 62 hivi za Sentigredi, na wanga, ambao huvimba na kunata karibu na nyuzi 70.

Kwa kikombe kimoja cha unga hutiwa mayai mawili na maji kiasi cha kupata uji mzito, kisha huachwa nusu saa ili unga unywe maji. Kabichi iliyokatwa laini na chumvi huongezwa mwishoni kabisa, kwani chumvi huvuta maji ya kabichi na kuuzimua uji. Kikaango hufunikwa, moto uwe mdogo. Chapati isigeuzwe kabla uso wake haujakauka.