SOMO LA NYUMBANI: KIJANA ANAYENGOJA MATOKEO
Someni: Danieli 1:1-20 na Yeremia 29:4-7

Kila mwaka majira ya matokeo yanapokaribia tunaona jambo moja katika nyumba zetu. Kijana aliyemaliza sekondari halali usingizi. Mama anafunga na kuomba. Baba amekwisha kupiga hesabu: mtoto akipata asilimia nzuri ataomba ufadhili wa DAFI, atasoma chuo, ataajiriwa, nasi sote tutatoka kambini. Hesabu hiyo kijana anaisikia hata isiposemwa.

Hatusemi kwamba alama si kitu. Vijana wetu wengi wamesoma kwa programu ya Kongo, na mwisho wake ni Mtihani wa Taifa: chini ya asilimia 50 hakuna diploma. Na mwenye diploma naye hana hakika. Ufadhili wa DAFI ulianza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, unapitia HCR, na nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Mwaka 2016, katika vijana wakimbizi 100 wa umri wa chuo duniani, aliyekuwa chuoni ni mmoja. Idadi imepanda tangu hapo, lakini mlango bado ni mwembamba. Kwa hiyo hofu hii ina sababu, na si vema kumwambia kijana "mwamini Mungu tu" halafu sisi tukaenda kulala.

Tumwangalie Danieli. Naye alihamishwa akiwa kijana, akachaguliwa kusoma miaka 3 lugha na elimu ya Wakaldayo, kisha mfalme mwenyewe akawapima. Sisi hupenda kuhubiri wale wanne walioshinda. Lakini someni tena mstari wa 19: mfalme alizungumza na wote, na katika wote hakuonekana aliye kama hao wanne. Basi walikuwepo wengine waliosoma miaka ileile na kufanya mtihani uleule. Majina yao hatuyajui. Na nje ya jumba la mfalme walikuwako wahamishwa wengi ambao hawakuchaguliwa kabisa.

Barua ya Yeremia iliwaendea hao walio nje. Aliwaagiza wajenge, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji walikopelekwa. Hakuwaandikia kama watu walioanguka mtihani.

Sisi je? Tumeona vijana hapa Muyinga ambao, wakisikia hawakufaulu, wanakimbilia machimbo ya dhahabu ya Butihinda au wanavuka Kobero kuingia Tanzania, kwa aibu tu, kabla hata ya kuuliza habari za kurudia mtihani. Aibu hiyo hawakuipata shuleni. Waliipata mezani kwetu.

DAFI yenyewe imebeba jina la Albert Einstein. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha Zürich akakosa: hesabu na fizikia aliweza, masomo mengine yakamwangusha. Akarudi sekondari mwaka mmoja huko Aarau, akaingia chuo mwaka 1896. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika utawala, naye akawa mkimbizi. (Wazazi, msiigeuze habari hii kuwa ahadi. Si kila anayeanguka ni Einstein.)

Kuna lililo mikononi mwetu wakati wa kungoja. Danieli aliomba ajaribiwe siku 10, jambo dogo aliloliweza. Kijana na atazame kama jina lake limeandikwa sawasawa kwenye karatasi za shule na za HCR, maana herufi moja inaweza kumchelewesha. Na atunze nakala zake pakavu, mbali na mvua.

Juma hili, kabla matokeo hayajafika, baba na mama waketi na kijana wamwulize: ukipata asilimia 52, utapenda tufanye nini pamoja? Na ukipata 45? Mwacheni amalize kusema. Kisha naye awaulize ninyi maswali hayohayo.