Bima ya Bodaboda: Jua Unachonunua

Madereva wengi wa bodaboda hukata bima kwa kumwogopa trafiki. Wakishalipa, wanarudi kijiweni na habari imeisha. Siku ya ajali ndipo mtu anauliza: si nina bima, mbona matibabu najilipia?

Anajilipia kwa sababu alikata bima ndogo. Hiyo ndiyo ambayo sheria ya Tanzania inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo, na ni kwa ajili ya mtu wa tatu. Ukimgonga mama anayevuka barabara ya Mandela, kampuni ndiyo inayobeba fidia yake, usije ukauza kiwanja. Mguu wako uliovunjika haumo, fremu iliyopinda haimo, na pikipiki ikiibwa uani, hiyo nayo haimo. Bima kubwa ndiyo inayoongeza pikipiki yenyewe: ajali, moto na wizi. Kwa mwili wako, ulizia bima ya ajali binafsi. Kwa mtu anayeshinda barabarani, mimi ningeanza na hiyo kabla ya kufikiria bima kubwa ya pikipiki iliyochakaa. Maana pikipiki ikiibwa, kampuni hulipa kwa bei yake ya sokoni siku hiyo. Uliyoinunua milioni 3, ikiwa leo inauzika milioni 1.8, tegemea milioni 1.8, tena ukatwe kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema ni juu yako.

Panapowaumiza watu zaidi ni kwenye matumizi. Pikipiki ya kwenda nayo kazini hukatiwa bima ya matumizi binafsi. Ya kubeba abiria hukatiwa ya biashara, na hii ni ghali zaidi. Wapo wanaochagua ya binafsi ili kuokoa hela kidogo. Ukipata ajali na abiria mgongoni, umeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Uliza pia kama abiria wako amo kwenye bima, maana si kila mkataba unamhesabu. Na hata akiwemo, ukipakia mishikaki umekwenda nje ya masharti, sawa na kuendesha bila leseni au ukiwa umelewa.

Kama pikipiki ni ya mkataba, yaani unapeleka hesabu kwa tajiri mpaka iwe yako, kadi bado ina jina lake na huenda bima pia. Muulize mapema: nani analipia bima, inaisha lini, na je, inamruhusu dereva mwingine kuendesha? Ikiwa ni bima kubwa, fidia ya wizi itakwenda kwa mwenye jina, hata kama umebakiza miezi miwili kumaliza deni. Andikeni kwenye makubaliano yenu hela hiyo itagawanywa vipi.

Stika feki zipo. Ukishalipa, usiondoke kwa wakala kabla hujaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Linganisha namba, aina ya bima, matumizi na tarehe ya mwisho. Risiti itunze.

Ajali ikitokea, piga picha vyombo kabla havijasogezwa, chukua namba za mashahidi na uite polisi. Majeruhi apatiwe PF3, ila kama hali yake ni mbaya, hospitali kwanza. Usimwahidi mtu kwamba utamlipa wala msimalizane pembeni, kwani makubaliano ambayo kampuni haikuyajua inaweza kuyakataa. Ipe taarifa haraka, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikukatalia, dai barua inayotaja kifungu walichokitumia. Barua hiyo pamoja na mkataba wako ndivyo utakavyopeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.