Ndugu Akikamatwa Tabora

Ndugu yako amechukuliwa na polisi jioni, simu yake haipatikani. Usingoje kukuche. Nenda kituo kilicho karibu na alipokamatiwa. Kama hayupo, nenda Kituo Kikuu mjini. Pale kaunta uliza kwa upole: yumo kwenye daftari la mahabusu? Anatuhumiwa kosa gani? Mpelelezi wake ni nani? Andika majibu na saa uliyojibiwa.

Muda wa kawaida wa mahojiano, kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ni saa nne, ingawa zinaweza kuongezwa. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Asitie saini maelezo ambayo hakuyasoma wala kusomewa.

Dhamana, yaani kuachiwa kwa ahadi ya kurudi, ni bure. Chukua kitambulisho chako na barua ya mtendaji wa kata au mtaa, usaini kama mdhamini. Kiasi kinachoandikwa kwenye hati hukitoi pale kaunta. Utadaiwa mtuhumiwa akitoroka. Ukiombwa "ya chai", piga TAKUKURU, 113, bila malipo. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana.

Asipopewa dhamana, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo. Siku zikipita kimya, wakili aende Mahakama Kuu Kanda ya Tabora kuomba amri ya kuwataka polisi wamlete mbele ya jaji na kueleza kwa nini wanamshikilia. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuhusu. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Usione haya kudai haki hizi; wapo waliozikosa. Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliwekwa kizuizini mwaka 1964 bila kesi, wakati sheria ya 1962 ilimruhusu Rais kufanya hivyo. Na baadhi ya jirani zetu wa Shinyanga walikufa mikononi mwa waliowahoji katika miaka ya 1970. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, akajiuzulu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ndugu yako akitoka na majeraha, dai PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha mpeleke Hospitali ya Kitete siku hiyohiyo. Tunza nakala. Jeraha likishapona, karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahakamani.