Gemu Inayokumbuka

Andiko: 2 Samweli 12:13–14

Kijana wetu mmoja hapa Galu alinionyesha Undertale, gemu iliyotoka 2015. Unaweza kuimaliza bila kuua yeyote. Lakini ukiua wote mpaka mwisho, hata ukianza upya na kuwa mwema, gemu inakumbuka, na ule mwisho mwema unaharibika.

Akaniuliza, "Pasta, kwani hakuna msamaha?"

Nilinyamaza. Nikiwa chuoni nilikula karo, nikamdanganya mama. Nilitubu, Mungu akanisamehe, lakini mbuzi aliowauza mama hawakurudi. Daudi naye alisamehewa, ila mtoto alikufa.

Msamaha huondoa hukumu, si matokeo yote. Mimi nimeanza kumlipa mama kidogo kidogo. Je, wewe unadaiwa na nani?